Reli Chini ya Shuka

Treni ilitoka kwenye belo la mitumba. Naanza na hilo kwa sababu watu waliochungulia lile ghala letu walidhani nimeiagiza Ulaya, na wengine walisema wazi kwamba nimechanganyikiwa. Hapana jamani, ilitoka kwenye belo. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, mitumba ikamiminika Tukuyu, na mimi nikapata meza sokoni nikiuza nguo za watoto. Siku hiyo nikakata ile mikanda ya chuma inayofunga belo, nikafunua gunia, nguo hamna. Midoli! Dubu wasio na macho, vigari visivyo na matairi, na chini kabisa, ndani ya soksi ndefu ya mwanamume, kichwa cha treni, behewa moja na vipande sita vya reli iliyonyooka.

Weee! Nilipiga ukelele mpaka mwenzangu wa meza ya jirani akaruka juu ya benchi, akidhani nimeona nyoka.

Mimi si mzaliwa wa Rungwe. Nimezaliwa kando ya reli, upande wa Makambako, na baba yangu kazi yake ilikuwa pointi. Ndiye aliyevuta ule mkono wa chuma unaohamisha treni kutoka njia moja kwenda nyingine. Nimekua nikisikia honi kabla sijasikia jogoo. Halafu nikaolewa Tukuyu, mahali pazuri, ndizi tele, mvua tele, reli hakuna. Nilikuwa na miaka sita sijaona treni, na nilikuwa naumwa nayo, nisiwadanganye.

Nyumba ya wakwe zangu iko Bulyaga, chini kidogo ya barabara. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, wiki nzima yuko njiani, kwa hiyo tulikuwa watatu: mimi, mama mkwe na baba mkwe. Lakini baba mkwe sikuwahi kumwona uso. Sikuwahi, miaka sita! Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mtoto haonani na baba mkwe wake, hasemi naye, halitaji jina lake, hapiti alipokaa. Wenyewe wanaita kutila. Majirani zetu wa mjini walikuwa wameshaacha mambo hayo, na walitucheka. Ila baba mkwe alitoka Ikuti, kwa mama aliyeshika desturi mpaka anakufa, naye akasema kwake haitavunjwa. Basi yeye alipita mlango wa barabarani, mimi mlango wa migombani. Akitaka kupita uani alikohoa kwanza. Nikisikia kile kikohozi, hata kama nina sufuria la moto mkononi, nilikuwa naruka migombani, nageuza mgongo, nimejifunika khanga mpaka apite. Nimeruka sana. Kuna mgomba mmoja pale nyuma ya jiko ulikuwa unanijua.

Na huyu mzee, sasa sikilizeni, alikuwa mtu wa reli! Nyapara wa genge la wafanyakazi, miaka na miaka, akitandika mataruma ya kulalia reli na kunyoosha njia. Kisha ikaja orodha ya kupunguza wafanyakazi, na yeye akapunguzwa. Akarudi nyumbani na koti lake la kazi na sanduku moja. Mwanzoni alikuwa anatoka, anakohoa, anakwenda sokoni kuwasalimu wenzake. Baadaye akapunguza. Baadaye akawa hatoki kabisa chumbani mwake. Chakula kinaingia, sahani inarudi nusu. Nikaanza kukikosa kile kikohozi, mimi niliyekuwa nakilaani.

"Mwanangu," mama mkwe aliniambia siku moja tukimenya ndizi, "mzee anageukia ukuta tangu asubuhi. Akiendelea hivi tutamzika huku anapumua."

Alisema hivyo halafu akaendelea kumenya.

Ndipo ikaja ile treni. Nilikuwa nimeshaipangia mteja, nakiri. Lakini nilipofika nyumbani nikatia betri mbili, nikaunganisha vile vipande sita kwenye sakafu ya jikoni, nikabonyeza swichi iliyo juu ya paa la kichwa. Ikatoka! Trrrrr, ikamaliza reli, ikajigonga kwenye jiwe la jiko, ikaanguka chali magurudumu yakizunguka. Mimi na mama mkwe tulishikana mikono tukicheka. Halafu kutoka chumbani, ukutani tu hapo, ikatoka sauti niliyokuwa sijaisikia kwa miezi.

"Nini hicho?"

Mama mkwe akanikazia macho. Akaenda, akarudi mbio mbio, kitu ambacho magoti yake hayakuwa yanakubali.

"Nimemwambia ni tleni. Anauliza upana wa leli ni kiasi gani."

Mungu wangu! Sikulala vizuri siku hiyo kwa furaha. Kesho yake sokoni nikaghairi kuuza. Mteja akanuna, mwache anune.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na ghala la zamani la kahawa, lina milango miwili inayotazamana, mmoja wa barabarani na mmoja wa migombani. Katikati nikaweka meza ndefu ya mbao. Utaratibu tukaupanga kupitia mama mkwe: asubuhi kabla ya soko ghala ni langu, mchana ni la mzee. Mimi nasimama upande wangu wa migombani, yeye upande wake wa barabarani, na hakuna anayekanyaga upande wa mwenzake. Nikiwa ndani natundika khanga mlangoni. Khanga ikiwepo, yeye hasogei.

Reli iliyonyooka tulikuwa nayo. Tatizo kona. Treni isiyo na kona ni ya kujigonga kwenye jiwe la jiko maisha yake yote. Basi nikachukua ile mikanda ya chuma ya mabelo, maana kila mfunguaji belo pale sokoni alikuwa anaitupa, nikaipasua myembamba kwa mkasi wa bati. Mataruma nikayatoa kwenye mbao nyembamba za masanduku ya chai, nikayachanja kwa msumeno mdogo, halafu nikausimamisha mkanda kwa ubavu ndani ya ule mchanjo. Ukakaa! Ukashika! Reli hiyo imesimama, inang'aa. Kona nikaipinda kwa kuizungusha kwenye sufuria la ubwabwa, nikajiona fundi.

Kichwa cha treni kilifika kwenye kona, kikatoka nje, kikaanguka sakafuni. Nikarudia, kikaanguka. Nikarudia mara saba, na mara ya nane nikarusha nyundo. Hasira zangu ziko karibu, hata mama yangu mzazi alikuwa anasema.

Asubuhi iliyofuata nilikuta kona yangu imeng'olewa. Juu ya meza kulikuwa na uzi wenye fundo katikati, njiti moja ya kibiriti, na vipande viwili vya mwanzi vilivyochanjwa. Nilikuwa navitazama tu, sijui ni dawa au ni nini, mpaka mama mkwe akaja na maelezo.

"Anasema sufulia ni la kupikia. Anasema kona yako ni ya kukatia tleni shingo. Piga duala kubwa, mpaka mwisho wa meza. Halafu shika uzi, huku na huku uguse leli ya nje kwa ndani. Pale kwenye fundo, uzi unaachana na leli. Hapo papime kwa njiti. Njiti iingie sawa sawa, isicheze, isikwame. Kila mahali hivyo hivyo."

Nilijaribu. Nikashika uzi, nikapima, hapa njiti inaingia, hapa inakwama, hapa inacheza. Nikasukuma reli kidogo, nikapima tena. Kumbe macho yangu yalikuwa yananidanganya siku zote! Kona niliyoiona duara ilikuwa na matumbo na migongo. Nilisahau soko. Nilisahau chai. Nilipomaliza, uzi ulikuwa unazunguka kona nzima na njiti inaingia kila mahali kwa ulaini uleule, na mikono yangu ilikuwa imekatwakatwa na chuma na sikuona maumivu yoyote.

Vile vya mwanzi vilikuwa vipimo vya upana, kimoja cha njia iliyonyooka, kingine cha kona, kipana kidogo kwa unene wa kadi ya kliniki. Kwenye kona magurudumu yanataka nafasi ya kupumua, ndivyo alivyotuma kusema. Na chini ya reli ya nje nikaweka vipande vya boksi ili inyanyuke kidogo. Nikawasha. Treni ikaikaribia kona, nikafumba jicho moja. Ikaingia, ikazunguka, ikatoka upande wa pili imesimama wima!

Nilipiga vigelegele peke yangu ghalani. Mama mkwe akatoka jikoni na mwiko mkononi. Na kutoka upande wa barabarani, nje ya mlango, nikasikia mtu akikohoa. Alikuwa amekuja kusikiliza. Nikajitupa migombani haraka, lakini moyoni nilikuwa nacheza ngoma.

Siku zile sahani zilianza kurudi tupu.

Sasa ikaja pointi, na hapo ndipo tulipokaribia kuharibu kila kitu. Njia yetu ilikuwa imezunguka meza. Mzee akataka stesheni: njia ndogo inayochepuka kutoka kwenye njia kubwa, treni iingie na kupumzika. Akatuma neno, "Stesheni ikae kushoto." Nikasema sawa, baba. Kwa siku tatu nikachonga pointi. Zile ndimi mbili za chuma zinazosogea huku na huku nilizinoa kwenye jiwe mpaka zikawa nyembamba kama wembe, maana ulimi ukiwa mnene gurudumu linaupanda. Pale reli mbili zinapokatana nikaacha pengo la kupitisha ukingo wa gurudumu, na ng'ambo yake nikatia kipande cha ziada cha kulishika gurudumu lisije likaingia pengoni. Hilo la mwisho nilikumbuka mwenyewe, nililiona utotoni kwetu, nikajivuna sana. Pointi yote nikaielekeza kushoto.

Kesho yake nikakuta imeng'olewa na kuelekezwa kulia.

Khaa! Nikauliza vizuri, kwa mama mkwe, kwa adabu zote. Akaenda, akarudi.

"Anasema alisema kushoto."

"Na mimi niliweka kushoto!"

"Basi ndivyo alivyosema."

Nikang'oa, nikarudisha kushoto. Kesho yake iko kulia. Nikarudisha. Ikageuzwa. Mara ya tatu mzee alikuwa ameandika na mkaa kwenye meza, herufi kubwa: KUSHOTO. Jamani! Mtu anageuza kazi yangu kulia, halafu ananiandikia kushoto! Nikaona ananichezea. Nikaona ni kwa sababu mimi si wa kwao, mwanamke wa kuja, muuza mitumba, nitajua nini cha reli. Nikamwambia mama mkwe, "Mwambie kushoto kwetu Makambako na kushoto kwao Ikuti ni kumoja, baba yangu amevuta pointi miaka yote hajawahi kuambiwa hajui kushoto."

"Mimi si simu," mama mkwe akasema. Lakini alikwenda.

Hakurudi haraka. Aliporudi alikaa kwenye kigoda, akainamisha kichwa.

"Amevua koti la kazi," akasema. "Anasema hata wewe umemwona hafai. Amegeukia ukuta."

Mchana hakula. Siku ya pili hakula. Siku ya tatu chai ilirudi ilivyokwenda, na utando juu. Hakuna aliyekohoa popote. Mimi nilikuwa nauza nguo sokoni nikikosea hata saizi, najilaumu, namlaumu, najilaumu tena. Nilikuwa nimemrudisha kitandani kwa mdomo wangu.

Jumapili wao wakiwa ndani, mvua inanyesha, nikaingia ghalani kuvunja ile reli yote. Nilitaka niitie kwenye gunia niitupe, iishe. Nikang'oa mataruma upande wangu. Mengine yalikuwa mbali, mkono haufiki. Nikasimama. Ng'ambo ya meza kulikuwa na kigoda chake. Sikuwahi kukanyaga kule. Nikasema liwalo na liwe, leo navunja, nikazunguka meza, nikasimama pale anaposimama yeye, nikainua kichwa.

Nikaona stesheni iko kushoto.

Nilishika meza. Ile pointi aliyoigeuza yeye, iliyokuwa kulia kwangu siku zote, ilikuwa imeelekea mkono wangu wa kushoto kabisa. Na zile herufi za mkaa ambazo kwangu zilisomeka kichwa chini, hapa zimesimama sawa! Tulikuwa tunatazamana, sisi wawili, kila mmoja na kushoto kwake, siku zote hizo, na hakuna aliyeruhusiwa kuzunguka meza kwenda kuona cha mwenzake. Baba yangu wa pointi angenipiga kofi.

Nilitoka mbio kwenye mvua bila khanga kichwani. "Mama! Mama! Kushoto kwa nani?"

Mama mkwe alinitazama kwa huruma, akidhani sasa na mimi nimeshapotea. Nikamvuta mkono mpaka ghalani, nikamsimamisha upande mmoja, nikamuuliza kushoto kwake wapi. Akaonyesha. Nikamsimamisha upande wa pili, nikamuuliza tena. Akaonyesha. Akautazama mkono wake. Akakaa juu ya gunia la mahindi, akacheka mpaka akavua kilemba na kufutia machozi.

"Wajinga wawili," akasema. "Na mimi katikati nabeba ujinga wenu, wa tatu! Kuanzia leo hapa hakuna kushoto. Huku ni mlimani, huku ni Kyela. Mlima Lungwe hauhami."

Ndivyo tulivyofanya. Alikwenda kumwambia. Nilisimama nje ya dirisha la chumba, mgongo umegeuka, mvua inanimwagikia, nasikiliza Kinyakyusa nisichokielewa vizuri. Halafu mzee akasema kitu kifupi.

"Anasema," mama mkwe akaniletea, na sauti yake ilikuwa imepanda, "stesheni ikae Kyela. Na anataka uji."

Wiki nzima tulifanya kazi, na neno moja tu likienda na kurudi, Kyela, mlimani, Kyela. Nikarudisha mataruma niliyoyang'oa. Yeye akafunga spoku ya baiskeli kwenye zile ndimi, iwe mkono wa pointi. Lakini siku ya kuijaribu ikaleta shida mpya: mtu mmoja lazima aiwashe treni upande wangu, na mtu mwingine ashike pointi upande wake, kwa wakati mmoja. Wote wawili ndani ya ghala.

Mama mkwe hakumwuliza mtu. Alileta shuka lake la maua, la harusi ya mtoto wake, akafunga kamba kutoka ukuta wa mlimani mpaka ukuta wa Kyela, akalitundika juu ya meza kwa urefu wake, na upindo wake akauacha juu ya reli kiasi cha treni kupita chini. Kisha akaita. Nikaingia mlango wangu. Nikasikia kikohozi, mlango wa pili ukafunguka, kigoda kikalia. Kwa mara ya kwanza tulikuwa chumba kimoja. Nilikuwa naona ncha za viatu vyake chini ya meza, na nikayahamisha macho haraka.

"Haya," mama mkwe akasema.

Nikabonyeza swichi. Treni ikaenda upande wa mlimani, ikaingia kona, ikapita chini ya shuka, ikanipotea. Nikaisikia ng'ambo kwake, inahesabu maungio ya reli, ta-ta, ta-ta. Ikagonga pointi, tak! Ikatokeza chini ya shuka upande wa Kyela, ikanirudia! Imepita njia kubwa, haikuyumba hata kidogo. Nilijiziba mdomo kwa mikono yote miwili nisipige kelele. Ikazunguka tena, ikapita chini ya maua, ikanirudia tena.

Mara ya tatu nikasikia spoku ikivutwa. Treni ikaingia chini ya shuka. Ta-ta, ta-ta, tak. Haikutokeza upande wa Kyela. Nikasikia inagusa kitu laini, kama kiganja cha mtu, gurudumu likazunguka kidogo, swichi ikabonyezwa. Kimya. Nikamtazama mama mkwe aliyesimama ukutani akiona pande zote mbili. Uso wake haukuniambia chochote. Nikadhani imeanguka, nikadhani yote yameanguka.

Ndipo mzee akasema, kwa sauti nene ya mtu aliyezoea kupigia kelele watu arobaini kwenye upepo, na hakumwambia mke wake, aliniambia mimi:

"Genge! Pumzika!"

Sikuruhusiwa kumjibu. Kwetu kando ya reli, nyapara akiita hivyo, mtu mmoja wa genge hugonga chuma kujibu kwamba wamesikia. Nikatafuta nyundo, nikagonga mguu mmoja wa meza uliofungwa bati, mara moja. Ng'ambo ya shuka nikamsikia akicheka, kicheko kifupi cha puani.

Asubuhi yake nilikuwa uani nimebeba sufuria la maji ya moto. Nje ya mlango wa barabarani, mtu akakohoa. Kikohozi kikazunguka nyumba, kikaja kwenye njia yangu, na koti linasikika likichakacha, na viatu vya kazi. Nikaweka sufuria chini, nikaruka kwenye mgomba wangu, nikajifunika khanga gubigubi nikilia na kucheka. Alinipita karibu sana, hakusimama. Alikuwa anapanda sokoni kutafuta mikanda ya mabelo, maana pointi moja, alimwambia mama mkwe, haitoshi.